Kompyuta ya Bibiane na Nyimbo Kumi na Moja

Mke wangu Bibiane hajawahi kununua kompyuta, lakini anayo. Aliiunda mwenyewe, hapa hapa mtaani Ngezi, Bunia, kipande kwa kipande, kwa miezi minane. Sanduku lilitoka katika ofisi moja iliyofungwa, ubao wa ndani aliuagiza Kampala kwa dereva wa lori, feni ilikuwa ya mashine iliyoungua, na waya wa umeme ni wangu, nilimwazima nikidhani ni wa siku mbili. Mimi ni fundi wa pikipiki. Nina karakana ya mabati mbele ya nyumba, na mtu anayefufua kitu kwa vipande vya vitu vilivyokufa namwelewa sana. Nisichoelewa ni mtu anayekaa mbele ya kioo akiandika namba saa tatu mfululizo, halafu anasimama na kusema ametengeneza.

Jina langu ni Vahwere, ila nyumbani naitwa Papa Alliance, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Nilizaliwa Butembo, kama Bibiane, na tulihamia Bunia mwaka uleule tuliofunga ndoa. Nina hasira za karibu. Nalisema mapema, maana watu wa kwetu wakisoma hii bila neno hilo watasema nimejipaka mafuta.

Kazi ya sauti Bibiane alijifunzia Kampala, katika studio ya bwana mmoja aliyempokea afagie sakafu. Alifagia miezi sita. Mwezi wa saba yule anayerekodi akaangushwa na malaria, kwaya ikafika, na Bibiane akaegemeza ufagio ukutani akakaa kwenye kiti. Alikuwa ameviangalia vidole vya yule anayerekodi kila siku. Basi aliporudi Bunia alijua programu moja tu ya kurekodia, ile ya kule, nayo haifanyi kazi ila kwenye kompyuta za Mac. Mac hatuna, wala hatukutegemea kuwa nayo. Akafanya kama wanavyofanya wengine wasio nayo duniani: alichukua mfumo wa Mac akauingiza ndani ya sanduku lake la vipande.

“Ule mufumo unapenda nyumba yake tu,” alinieleza wakati ule. “Ukiuleta huku unakataa kuamka. Sasa kuko fichier moja, mule ndani unauambia: usiogope, uko kwenu.”

Kumbe kila mstari wa faili lile ni uongo mdogo. Unauambia mfumo kwamba ubao ni wa kwao, kioo ni cha kwao, na kuna namba moja inayouonyesha matundu ya spika na maikrofoni yako wapi. Ukikosea namba hiyo, kompyuta inakuwa bubu. Bibiane alijaribu namba kumi na tisa. Siku mashine iliposema, mwezi wa pili, aliwaita majirani waje kusikia. Ilikuwa inaamka kwa chini ya dakika moja. Nilihesabu kwa saa yangu ya mkononi, nikajisikia fahari ambayo sikumwonyesha.

Sasa nimlete Mama Joséphine. Huyu ndiye anayeiongoza kwaya ya parokia yetu, na mimi ni mmoja wa sauti nene za nyuma, zile zinazowekwa nyuma kwa makusudi. Ametunga nyimbo kumi na moja kwa kichwa chake, hakuandika hata moja. Sisi tunajua viitikio. Beti anazijua yeye peke yake, maana kila Jumapili alikuwepo kuziimba, na hakuna aliyeona haja ya kujifunza kitu ambacho mwenyewe yuko hapo amesimama. Mwezi wa tatu Bibiane aliirekodi kwaya nzima ikiitikia nyimbo zote kumi na moja, akaacha nafasi tupu pale mama anapoingia. Mama alikuwa na mafua. Tukasema atakuja akipona.

Hayakuwa mafua. Mwezi wa tano madaktari waliona uvimbe kwenye koo, na wakasema utaondolewa Kampala pamoja na kile kinachotoa sauti. Atabaki hai, wakasema, ila hataongea tena, na kuimba ndiyo basi. Ndege ilipangwa Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa saba mchana. Kwa hiyo tulikuwa na Alhamisi ile asubuhi, na hatukuwa na asubuhi nyingine yoyote.

Na kompyuta ilikuwa mgonjwa. Ilianza wiki ile baada ya Pasaka. Kuamka kukawa dakika tano, kisha tisa, kisha kumi na nne. Sauti ikaanza kupotea siku moja na kurudi kesho yake, mwishoni ikapotea kabisa. Bibiane alilaumu faili lake. Angelaumu nini kingine? Aliyejenga nyumba kwa uongo, paa likivuja anajishuku mwenyewe kwanza. Wiki sita alifuta mistari akaandika mingine, akala amesimama, akawa anaongea namba usingizini. Na mimi, badala ya kumsaidia, siku moja uani kwa kanisa, mbele ya kwaya nzima, nilipandisha sauti: “Mutu akidanganya mashine, mashine nayo itamudanganya! Mwisho yake njo hii!” Watu walicheka. Bibiane aliinamisha kichwa akafunga kitenge upya kiunoni. Nakumbuka nilivyofurahia kuwa sahihi, na ninaona aibu kuikumbuka furaha ile.

Utaniuliza kwa nini tusirekodi kwa simu. Tulijaribu, Jumanne, nyumbani kwa mama. Sauti yake ilikuwa imeshuka kiasi kwamba simu ilishika pumzi yake na jogoo wa jirani. Alipoisikiliza alilia. Maikrofoni ya Bibiane peke yake ndiyo ingeweza kumshika, na maikrofoni inaingia kwenye mashine. Kompyuta ya mtu mwingine? Kwaya yote ilikuwa ndani ya programu ile, na hakuna mashine nyingine hapa kwetu iliyojua kuifungua.

Alhamisi, saa mbili na nusu, Mama Joséphine aliingia kwetu akiwa amevaa kwa safari, kitambaa cha bluu kichwani, binti yake Claire nyuma na mkoba. Hakutusalimia kwa mdomo. Alifungua daftari la shule akatuonyesha maneno aliyokwisha kuyaandika: *Nina nusu saa ya sauti, labda zaidi kidogo. Nimeiweka tangu Jumanne.* Akaketi, akaweka mikono juu ya mapaja, akatungoja.

Bibiane alikuwa amekwisha kuiamsha mashine mara moja. Bubu. Alibadilisha namba, akaizima, akaiwasha. Dakika kumi na nne si kitu ukiwa na kazi nyingine. Ukiwa umekaa chumba kimoja na mwanamke aliyefunga mdomo ili asipoteze alichobakiza, dakika kumi na nne zinakutoa jasho. Tulitazama mstari mweupe ukitambaa kwenye kioo. Ulifika nusu ukasimama. Claire akatazama saa. Ukasogea. Mwishowe picha ikatokea, Bibiane akagusa kitufe cha kucheza, akageuza spika mpaka mwisho. Hakuna.

“Bado?” Claire aliuliza.

“Bado, dada. Naijaribisha tena.”

“Dada Bibiane, tutoke hapa saa sita kamili. Ndege haingojee mutu.”

Akajaribu tena, namba nyingine. Saa tatu na robo. Bubu. Akajaribu tena, akarudisha faili la mwezi wa pili, lile lililofanya kazi siku ya majirani. Saa nne kasoro dakika kumi. Bubu. Hapo niliona anaandika namba na kuifuta bila kuijaribu, na Bibiane si mtu wa kubabaika. Mtoto wetu wa pili alimzaa huku akinielekeza mahali ulipo mkasi.

“Naiwasha na mistari,” alisema. “Itaniambia inafanya nini.”

Maana yake ni kwamba badala ya ule mstari mmoja wa kutambaa, kioo kinaonyesha kila hatua kwa maandishi. Maandishi meupe yalishuka kama mvua, kisha yakasimama. Bibiane alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Papa Alliance, ona hapa. Iko inangoja kitu kwa USB ya juu ya sanduku. Inauliza, haijibiwe, inauliza tena. Lakini hakuna kitu tulichomeka pale!”

“Na sauti?”

Alingoja mistari mingine, akasoma. “Inasema écouteurs za masikio iko. Na micro iko. Pale pale juu. Njo maana haipeleke sauti kwa spika, inasadiki kuko mutu amevaa écouteurs.” Akacheka kicheko kibaya. “Fichier yangu ni bovu kabisa. Inaona vitu vyenye haviko.”

Katika kazi yangu, pikipiki ikija honi inalia na hakuna aliyeibonyeza, sisomi kitabu. Natafuta maji. Kitu kinachojiona kimeguswa na hakuna mkono, ndani yake kuna maji au kutu, siku zote. Nikalitazama sanduku. Matundu yake ya mbele hayako mbele, yako juu, manne, yamekaa wazi kama yanaomba kunyeshewa: mawili ya USB, la spika za masikioni, la maikrofoni. Pembeni mwa matundu niliona ukoko mwembamba, mweupe. Macho yangu yakapanda yenyewe mpaka kwenye rafu, na pale juu ilikaa chupa ya maji ya Pasaka, nusu.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu parokiani, mkesha wa Pasaka kila familia inaenda na chupa au kidumu, Padri anabariki maji, na baraka ya maji yetu ina chumvi ndani. Yale maji unayapeleka nyumbani. Jumatatu ya Pasaka asubuhi mimi ndiye ninayenyunyizia: mlango, vitanda, watoto, karakana, pikipiki yangu. Mwaka huu Bibiane alikuwa sokoni, nami nikafika mezani kwake. Nikakiondoa kitenge anachofunikia mashine. Nilifikiri miezi ile minane, nilifikiri wezi, nilifikiri umeme wetu huu unaokuja kwa hasira na kuondoka kwa hasira, na nikamwomba Mungu alinde kile kitu kwa maneno ambayo mimi mwenyewe siyatumii kujiombea. Vitu vingine nilivinyunyizia kwa tawi. Kompyuta niliimwagia kwa kiganja, mara tatu. Kisha nikairudishia kitenge chake, nikakinyoosha vizuri ili asijue.

Sasa mtu mzima, mwenye akili timamu, angefungua kinywa saa ile ile. Ilikuwa saa nne. Lakini nilikuwa nimemcheka uani kwa kanisa. Nilikuwa nimesema mwisho wa uongo ni huu, kwaya nzima ikanisikia, na sasa nijitokeze mbele ya Mama Joséphine na Claire niseme mdanganyifu ni mimi? Nikafanya kile ambacho mwoga hufanya, nikajitolea kusaidia.

“Mama Alliance, acha nifungue sanduku niangalie ndani kidogo.”

“Usiguse!” Hakunitazama hata. “Mikono yako iko na mafuta ya pikipiki. Weye ulisema yote uani, imetosha.”

Angenipa bisibisi ningevuta nyaya za yale matundu kimyakimya na hadithi ingekwisha hapo, na mimi ningekuwa shujaa. Hakunipa. Ili nifungue lile sanduku, ilibidi nifungue mdomo kwanza. Nikatoka nje. Karakanani nilikaza nati iliyokwisha kukazwa. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa hapo anangoja, akaniuliza kama naumwa, nikamfokea. Nilirudi ndani saa nne na nusu. Bibiane alikuwa anaandika, Mama Joséphine alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa anapitia beti zake. Zote, nadhani, moja baada ya nyingine, asije akasahau neno.

Nilikaa kwenye stuli mlangoni. Mara mbili nilivuta pumzi niseme. Mara ya kwanza Claire alisimama akaomba maji ya kunywa, nikashukuru kwa kukatizwa. Mara ya pili hakuna aliyenikatiza, nikajikatiza mwenyewe. Saa tano. Bibiane akaiwasha tena. Saa tano na robo, bubu. Claire hakuuliza tena “bado”. Alikuwa amefunga zipu ya mkoba.

Saa tano na nusu Bibiane aliondoa mikono juu ya kibodi. Alikigeuza kiti chake, akapiga magoti mbele ya Mama Joséphine, akamshika mikono yote miwili.

“Mama, unisamehe. Ni mimi. Kazi hii sijaijua bado. Nilikuahidi na nimekuangusha, ni kosa yangu mimi peke yangu.”

Analia, mke wangu. Mama Joséphine alimpapasa kichwa. Kisha akachukua penseli, akaandika polepole, akageuza daftari tulione wote: *Si kosa lako, mwanangu. Mungu hakutaka.*

Ningeweza kuvumilia Bibiane abebe mzigo wangu. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ningeweza, nilikuwa nimembebesha saa moja na nusu. Ila kumwona mama yule, ambaye alimwimbia Mungu maisha yake yote, anaondoka kwenda kukatwa koo akiamini ni Mungu aliyemziba mdomo asubuhi ile, hilo lilinishinda.

“Mungu hana kosa!” nilisema, nikajisikia nimepiga kelele. “Ni mimi. Nilimwanga maji ya Pasaka juu ya ile mashine. Iko na chumvi. Imeingia kwa matundu.”

Bibiane alitazama matundu, akatazama rafu, akanitazama mimi.

“Tangu Pasaka?”

“Tangu Pasaka.”

“Lete bisibisi.”

Akaizima mashine. Skrubu mbili, ubavu wa sanduku ukatoka. Ndani, kutoka yale matundu ya juu, zilishuka nyaya mbili tu mpaka kwenye ubao, moja ya USB na moja ya sauti. Bibiane alizichomoa zote mbili kwa wakati mmoja, kama anang'oa magugu, na chini ya matundu tuliona kijani, chumvi na kutu vimeshikana. Matundu ya nyuma yalikuwa safi. Akachomeka maikrofoni kule nyuma, penye waya wa spika, akawasha. Nilitazama saa yangu bila kupumua. Sekunde hamsini na mbili.

Akagusa kitufe. Kwanza ilisikika pumzi, watu thelathini wakivuta hewa pamoja mwezi wa tatu katika ukumbi wa parokia, kisha kwaya ikajaa chumba chote. Claire alifunika uso kwa mikono. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

“Nyimbo zote haziwezekane,” Bibiane alisema. “Mama, uchague.”

Mama Joséphine hakuchagua. Alisimama, Bibiane akachomeka spika za masikioni mahali pa spika za mezani, mama akazivaa, akaanza na wa kwanza. Sauti haikuwa ile tuliyoizoea, ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini kila noti ilitua mahali pake na kila neno ulilisikia mpaka mwisho wake. Bibiane hakumsimamisha hata mara moja, hata pale alipokohoa. Wa pili. Wa tatu. Claire akatoka nje akamwomba dereva aliyekuja kuwapeleka uwanja wa ndege dakika tano, kisha tano nyingine. Wa nne, ule wa mavuno, niliusikiliza nikiwa nimebana mdomo kwa kiganja, maana nilikuwa nalia kama mtoto na maikrofoni ile inasikia kila kitu.

Wa tano aliimba ubeti mmoja. Ubeti wa pili alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Spika zile za masikioni zilikuwa zinavuja kidogo, na sote tulisikia kwaya ikiitikia kwa nguvu, kwa furaha, ikimwitikia mtu ambaye hakuimba. Alisimama akiisikiliza mpaka mwisho. Ndipo Claire akamvua zile spika taratibu, akazishusha mezani.

Mlangoni Mama Joséphine aligeuka, akaninyooshea kidole. Nikajua sasa nitapewa changu. Kumbe alikuwa anaonyesha rafu. Nilimletea ile chupa, akaichunguza kwenye mwanga, akaandika: *Nipe mimi. Nitayahitaji kuliko kompyuta.* Mabega yake yakatikisika, na nilichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Akaitia kwenye mkoba, gari likaondoka.

Bibiane hakunifokea. Nilimngoja afoke, ingenisaidia. Alifunika mashine, akafagia chumba, akapika. Watoto walipotoka mezani ndipo aliponiambia, akiwa anakusanya sahani:

“Maji ulimwanga bila kujua. Lakini ile saa moja na nusu ulikuwa unajua.”

Hakurudia tena neno hilo, na hakuna siku nisiyolisikia. Kwa saa moja na nusu mama yule angepumzika kati ya nyimbo, akanywa maji ya moto, akaimba wa tano, wa sita na wa saba, labda na mingine. Bibiane hakuwahi kuniambia hesabu hiyo. Naifanya mwenyewe.

Mama Joséphine alirudi mwishoni mwa mwezi wa saba, amekonda, kitambaa cheupe shingoni kimefunika tundu analopumulia. Tulimwalika. Bibiane alimchezea zile nyimbo nne, na mama alisikiliza kwa mikono juu ya mapaja, kama alivyokaa siku ile. Zilipokwisha aliandika: *Na zile saba?*

“Mama, kuko Solange,” Bibiane alisema. Solange ni sauti nzuri kuliko zote katika kwaya. “Kuko na Aimée. Utawafundisha maneno, wataimba.”

Mama alitikisa kichwa. Akaninyooshea kidole, na safari hii rafuni hapakuwa na chupa.

“Mama, mimi sijuwe kuimba,” nilisema. “Unajua mwenyewe. Uliniweka nyuma weye.”

Akaandika neno moja, *Huyu*, akalipigia mstari.

Basi kila Alhamisi saa nane nafunga karakana, nanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, naenda kukaa mbele yake. Maneno anayaandika. Sauti hawezi kunipa, kwa hiyo ananionyesha kwa mkono: mkono ukipanda napanda, ukishuka nashuka, na mapigo anayapiga mezani kwa kifundo cha kidole. Nikikosea anapiga meza kofi moja, naanza upya. Jinsi wimbo ulivyo hasa, anajua yeye peke yake. Mimi napapasa, na yeye anakubali au anakataa. Akikubali tunakwenda kwa Bibiane. Mashine inaamka kwa sekunde hamsini na mbili, Bibiane anarekodi, na ile sauti yangu mbaya inatoka kwenye spika mbele ya watu wote. Nilidhani Solange atakuja kuimba juu yake baadaye, nikamuuliza Bibiane. Alisema mama ndiye atakayeamua.

Wimbo wa tano ulituchukua wiki sita. Wa sita, wiki saba. Jana tumeanza wa saba, na amenipigia meza mara kumi na nne nirudie mstari uleule. Nikimaliza huu zitabaki nne, na mama ana miaka sabini na mbili.